Nusu ya Lanphier, Nusu ya Barber

Jumapili ya tarehe 18 Aprili 1943, ndege mbili za mabomu za Kijapani ziliondoka Rabaul kuelekea kusini mwa kisiwa cha Bougainville. Marubani wa Kimarekani waliokwenda kuzivizia njiani walirudi kambini kwao kisiwa cha Guadalcanal na ripoti kwamba wameangusha tatu.

Hapo ndipo ninapopenda kuanzia. Wengi wakisimulia kisa hiki huanza na Pearl Harbor, kisha wakaingia kwa Admirali Isoroku Yamamoto na vidole vyake viwili alivyovipoteza Tsushima mwaka 1905, na wakifika kwenye ugomvi wenyewe pumzi imewaishia. Mimi naona ugomvi ndio kisa chenyewe. Ziliruka mbili, zikahesabiwa tatu, na kwa zaidi ya miaka 50 watu wazima waliokuwa marafiki, marubani Thomas Lanphier na Rex Barber, wakavutana mbele ya bodi za jeshi, wanahistoria, na mwishowe majaji, kila mmoja akishikilia kwamba ile iliyombeba Yamamoto aliiangusha yeye.

Niseme kwa ufupi ni nani huyu. Yamamoto alikuwa kamanda wa Kikosi cha Pamoja cha wanamaji wa Japani, na ndiye aliyepanga shambulio la Pearl Harbor la Desemba 1941. Alikuwa ameishi Marekani, akasoma kidogo Harvard, akafanya kazi ubalozini Washington, kwa hiyo aliwajua Wamarekani kuliko wakubwa wenzake walivyowajua. Aprili 1943 aliamua kutembelea vituo vya mbele, akawape moyo marubani wake. Tarehe 13 ujumbe ukatumwa kwa redio, kwa maandishi ya siri, ukieleza safari nzima: ataondoka Rabaul saa ngapi, atafika kisiwa cha Ballale saa ngapi, atapanda ndege ya aina gani, atasindikizwa na ndege sita za kivita aina ya Zero. Kila kitu kimo. Na Yamamoto alisifika kwa jambo moja, kwamba hachelewi.

Wamarekani waliufumbua. Huko Hawaii ujumbe ulipitia mikononi mwa Meja Alva Lasswell wa Marine (askari wa majini wa Marekani), aliyekijua Kijapani vizuri, ukafika kwa Edwin Layton, ofisa wa ujasusi wa Admirali Nimitz, mkuu wa wanamaji wa Marekani katika Pasifiki. Nimitz hakuuliza kama inawezekana. Aliuliza kama Wajapani wana mtu mwingine wa kumpita Yamamoto, maana hakuna faida kumwondoa mtu ukaletewa mkali zaidi. Layton akamjibu kwamba hawana.

Hapa lazima nitie neno la kwetu, kwa sababu watu wa Mombasa wenyewe wengi hawalijui. Mwaka mmoja kabla ya siku hiyo, meli za kubeba ndege za Kijapani, zilizokuwa chini ya kikosi cha Yamamoto huyohuyo, ziliingia Bahari ya Hindi zikapiga Colombo tarehe 5 Aprili 1942 na Trincomalee siku nne baadaye. Waingereza walipoteza manowari kubwa, ikiwemo meli ya kubeba ndege iitwayo Hermes, na meli zao zilizobaki zikavuta nanga kuja Kilindini. Pamoja nazo wakaja wafumbuzi wao wa maandishi ya siri. Waliwekwa Shule ya Allidina Visram, pale inapotazama bahari, wanafunzi wakahamishwa, na madarasa yakajaa watu wenye penseli na karatasi za miraba wakihangaika na simbo za wanamaji wa Japani. Mawimbi ya redio yalifika Mombasa yakiwa dhaifu mno, kazi ikawa ngumu, lakini waliifanya kwa zaidi ya mwaka mmoja hadi waliporudishwa Colombo mwaka 1943. Yamamoto alipoangushwa walikuwa bado wapo. Ujumbe wa safari yake si wao waliousoma, hilo tuliache kwa Wamarekani. Lakini kila ninapopita njia ile huwa najiambia kwamba mikono ya vita vile ilikuwa mirefu kuliko tulivyofundishwa darasani, na wengi walioshika penseli hawakuwahi hata kuingia kwenye orodha ya wanaogombea sifa.

Turudi Guadalcanal. Kazi ilipewa kikosi cha 339, kwa sababu ndege yao ya kivita, P-38 Lightning, peke yake ndiyo iliyokuwa na uwezo wa kwenda mbali vile na kurudi. Hata hivyo matangi yake ya kawaida hayakutosha. Yaliletwa kwa ndege kutoka New Guinea matangi makubwa ya galoni 310, na mafundi wakakesha kuyafunga, kila ndege ikining'inizwa moja kubwa upande mmoja na moja dogo la galoni 165 upande wa pili.

Kiongozi wa msafara alikuwa Meja John Mitchell, kijana kutoka Mississippi. Yeye nampenda bila kificho. Kulikuwa na wakubwa waliotaka Yamamoto apigwe akiwa ndani ya boti, baada ya kutua Ballale. Mitchell akakataa: boti ataijuaje kati ya boti zote zile, na mtu akiruka majini akaogelea je? Akataka wakutane naye angani. Sasa fikiria maana yake. Ukienda moja kwa moja ni kama maili 400, lakini hawezi kwenda moja kwa moja kwa sababu visiwa vya njiani vimejaa macho ya Wajapani. Ikabidi azunguke upande wa bahari kuu, kama maili 600, wakiruka futi 50 au chini ya hapo juu ya maji, redio zimezimwa, hakuna ardhi ya kutazama. Ana saa ya mkononi, mita ya mwendo, na dira ya wanamaji aliyoomba afungiwe kwa sababu hakuiamini ya ndege. Akakadiria mwendo wa ndege ya Yamamoto, akakadiria upepo, akagawa njia vipande vitano, akapanga kukutana naye pwani ya Bougainville saa 3:35 asubuhi.

Ziliondoka 18. Moja ilipasuka tairi ikiwa bado inakimbia uwanjani. Nyingine matangi yake ya ziada yakagoma kutoa mafuta, rubani akageuza. Bahati mbaya ni kwamba zote mbili zilikuwa kati ya nne zilizoteuliwa kushambulia, nyingine 12 zikiwa za ulinzi wa juu na mbili za akiba. Wakabaki wawili tu katika kundi la washambuliaji, Kapteni Thomas Lanphier na Luteni Rex Barber, na Mitchell akawaingiza wale wa akiba, Besby Holmes na Raymond Hine, kuziba pengo. Kwa zaidi ya saa mbili wakaruka katika joto la chumba cha vioo kilichofungwa. Mitchell alikiri baadaye kwamba usingizi ulimnyemelea njiani. Mwenzake mmoja, Doug Canning, alikuwa akihesabu papa.

Canning ndiye aliyewaona kwanza. Saa 3:34. Mitchell alikosea kwa dakika moja, na alikosea kwa kuwahi.

Wenye kupenda mambo ya urubani watanielewa nikisema kwamba sifa ya siku ile, kama ni lazima apewe mtu mmoja, ningempa Mitchell kabla hata risasi moja haijatoka. Lakini jeshi halihesabu hivyo. Jeshi la anga linahesabu nani aliangusha nini, na hesabu hiyo humfuata mtu mpaka kaburini.

Haya, risasi zikatoka. Dakika chache hizi ndizo zilizozaa yote, kwa hiyo nitakwenda polepole.

Walitegemea ndege moja ya mabomu, wakakuta mbili, aina ya Mitsubishi G4M ambazo Wamarekani waliziita Betty. Ya kwanza, namba 323, ilimbeba Yamamoto. Ya pili, 326, ilimbeba mnadhimu wake mkuu, Admirali Matome Ugaki. Juu yao Zero sita. Mitchell na wenzake 11 wa ulinzi wakapanda juu kusubiri ndege zaidi kutoka uwanja wa Kahili, ambazo hazikuja. Lanphier na Barber wakadondosha matangi wakapanda kuziwahi Betty. Holmes matangi yake yalikwama, akageukia upande wa bahari akiitikisa ndege yaachie, na Hine, aliyekuwa mlinzi wake, akamfuata. Kwa hiyo katika dakika ile ya mwanzo waliokuwa karibu na Yamamoto walikuwa wawili tu.

Zero zikaporomoka kutoka juu. Lanphier akageuza kushoto na juu, akazikabili uso kwa uso. Kwa hilo hakuna aliyembishia: hatua hiyo ilikuwa ya kishujaa na huenda ilimwokoa Barber. Barber akageuza kulia kuzifuata Betty. Kuanzia hapo njia zao zinaachana, na masimulizi pia.

Barber alisema hivi. Alipomaliza kukata kona alijikuta nyuma ya Betty moja, karibu kabisa. Akapiga injini ya kulia, risasi zikapita mkiani, akahamia ya kushoto. Ndege ile ikapunguza mwendo ghafla na kulalia ubavu, nusura aigonge. Alipoipita ilikuwa inatoa moshi mweusi, iko chini karibu na miti. Haikuanguka mbele ya macho yake, kwa sababu Zero zilikuwa zimeshamvaa mgongoni. Akakimbilia baharini, akawakuta Holmes na Hine wanaifukuza Betty ya pili juu ya maji. Holmes akaijeruhi, Barber akaimalizia, vipande vyake vikaruka vikaipiga ndege yake mwenyewe. Alipotua, mafundi walihesabu matundu ya risasi 104.

Lanphier alisema hivi. Baada ya kuiangusha Zero moja alipindua ndege tumbo juu, akatazama chini, akaiona Betty inapita juu kidogo ya msitu. Akaishukia kutoka ubavuni, karibu pembe mraba, akapiga mfululizo mrefu. Injini ya kulia ikashika moto, kisha bawa la kulia likakatika, ndege ikaingia msituni.

Holmes naye alisema ile ya baharini ni yake. Ndiyo hiyo tatu. Ya msituni ya Lanphier, ya msituni ya Barber, ya baharini ya Holmes.

Hine hakusema kitu. Hakurudi. Ndiye Mmarekani pekee aliyepotea siku ile, na madai yake, kama angekuwa nayo, yalizama naye.

Sasa nieleze kwa nini jambo hili linanikera mimi, mtu wa Mombasa ambaye hata ndege ya kuchezea sijawahi kuirusha. Kazi yangu ni ukaguzi wa mizigo bandarini. Kontena likidondoshwa, au likifunguliwa mchele ukakutwa umelowa, mimi huitwa niandike nani alifanya nini na saa ngapi. Wazee walionifundisha kazi walikuwa na sharti moja walilolisisitiza kuliko yote: watenganishe kabla hawajanywa chai pamoja. Dereva wa foko mwulize peke yake. Mwendesha kreni peke yake. Tali kleki peke yake. Wakishakaa pamoja kivulini nusu saa, utapata hadithi moja nzuri yenye mpangilio, na itakuwa ya yule mwenye maneno mengi. Nimeona faili la makontena mawili yaliyogongana ambapo mwenye kosa alijulikana na gati zima, lakini ripoti ya kwanza ilishaandikwa na mtu wake, na kila karatasi iliyofuata ilinakili ile ya kwanza.

Guadalcanal hakuna aliyewatenganisha. Kabla hata magurudumu hayajagusa ardhi, Lanphier alishatangaza kwa redio, kwa sauti ya wazi, kwamba yule mtu hatakwenda kuamuru masharti ya amani Ikulu ya Washington. Redio ya wazi, kwenye operesheni ambayo siri yake yote ni kwamba adui asijue simbo zake zinasomwa! Aliposhuka alikuwa na furaha, anawaambia watu amempata Yamamoto. Barber alipofika akamuuliza amejuaje, maana Betty zilikuwa mbili na zilifanana. Kulikuwa na shangwe, kulikuwa na pombe, hakukuwa na mahojiano rasmi ya mtu mmoja mmoja. Ndege hazikuwa na kamera za bunduki. Maofisa wawili wa ujasusi wakaandaa ripoti, na ripoti ikazikubali Betty zote tatu, yenye Yamamoto ikikaa upande wa Lanphier. Kambi ya Barber ilishuku siku zote kwamba mkono wa Lanphier umo ndani ya maneno yale. Hata kama haumo, sauti yake ndiyo iliyosikika kwanza na kwa nguvu zaidi. Mtu huyu alikuwa amesoma Stanford, baba yake alikuwa ofisa wa jeshi anayejulikana, na baada ya vita alikuja kuwa mhariri wa gazeti Boise, jimbo la Idaho. Barber alikuwa mtoto wa mashambani kutoka Culver, Oregon. Sisemi kwamba elimu ni dhambi. Nasema najua ni yupi kati yao ambaye karani angemsikiliza.

Kisha siri nusura ivuje kabisa. Wawili hao walipelekwa mapumziko New Zealand, na wakiwa kwenye mchezo wa gofu na jenerali wao wakazungumza na mwandishi wa Associated Press aliyekuwa tayari amesikia mengi. Mwandishi akaandika, wakaguzi wa kijeshi wakaizuia habari, ikafika kwa Admirali Halsey, kamanda wa Marekani wa Pasifiki Kusini. Halsey aliwaita akawafokea vibaya. Walikuwa wamependekezwa Medali ya Heshima, nishani ya juu kabisa ya nchi yao. Akaishusha wote wakapewa Msalaba wa Wanamaji. Mitchell na Holmes, ambao hawakucheza gofu, nao wakashushiwa.

Wajapani wenyewe walitangaza kifo cha Yamamoto tarehe 21 Mei, na Juni 5 wakamfanyia mazishi ya kitaifa Tokyo. Wamarekani wakaendelea kunyamaza. Sababu mojawapo ilikuwa chungu: mdogo wake Lanphier, Charles, rubani wa Marine, aliangushwa akawa mateka Rabaul, na ikaogopwa kwamba jina la kaka yake likichapishwa atalipizwa yeye. Alifia kifungoni mwaka 1944. Nalitaja hili kwa sababu wanaomtetea Barber wana tabia ya kumchora Lanphier kama tapeli mtupu, na mimi siwezi kwenda nao hadi huko.

Septemba 1945, vita vimekwisha, magazeti yakachapisha masimulizi ya Lanphier. Kwa Mmarekani wa kawaida suala likaishia hapo kwa miaka mingi.

Kilicholifufua ni hesabu. Nyaraka za Japani zilipofunguka ikaonekana Betty zilikuwa mbili tu. Moja ilianguka msituni, moja baharini. Ile ya baharini walinusurika watu watatu, Ugaki akiwa mmoja wao, kwa hiyo hakuna ubishi ilikuwa ipi. Kwa maana hiyo madai mawili ya msituni yalikuwa ya ndege moja. Jeshi la Anga likaipitia upya katika miaka ya 1970 na likaja na jawabu la watu wa ofisini: nusu Lanphier, nusu Barber. Bodi ya mwaka 1985 ikaliacha hivyohivyo. Lanphier akafariki mwaka 1987 akiwa hajarudi nyuma hata neno moja.

Barber alikuwa amekaa kimya miaka mingi, lakini marafiki na wanahistoria walianza kukusanya ushahidi. Mabaki ya 323 yapo msituni karibu na Buin mpaka leo, ingawa kipande cha bawa na kiti kinachosemwa ni cha Yamamoto vipo kwenye makumbusho ya mji aliozaliwa, Nagaoka. Waliokwenda kuyachunguza walisema alama za risasi zinaonyesha zilitoka nyuma, na kwamba mabawa yote mawili yalikuwapo ndege ilipoigonga miti. Daktari wa Kijapani aliyeukagua mwili aliandika majeraha mawili: risasi moja begani kushoto kutokea nyuma, nyingine imeingia kwenye taya la kushoto na kutokea juu ya jicho la kulia. Ugaki aliandika katika shajara yake kwamba aliiona ndege ya mkubwa wake ikienda chini juu ya msitu, imepunguza mwendo, inatoa moshi na moto. Na mwaka 1988, kwenye mkutano wa Fredericksburg, Texas, alikuja mzee Kenji Yanagiya, rubani pekee wa zile Zero sita aliyekuwa bado hai. Akasema siku ile haikupotea Zero hata moja.

Neno hilo lilishangiliwa na upande wa Barber, kwa sababu Lanphier alidai kuangusha Zero, na ukimvunja mtu dai moja umeshatikisa na la pili. Ila tuwe waadilifu: Barber naye alidai Zero siku hiyo. Holmes pia. Kama kipimo ni Zero, hakuna aliyefaulu. Vita vya angani hukimbia kuliko macho, na mtu akiona moshi hudhani ameona mwisho.

Mimi kinachonishawishi ni upande wa risasi. Lanphier mwenyewe, kwa miaka yote, alisema alipiga kutoka ubavuni na bawa likakatika hewani. Barber alisema alipiga kutoka nyuma. Ndege na maiti vyote viwili vinasema nyuma. Hapo sihitaji kujua nani alikuwa mkweli kwa tabia. Wote wawili wanaweza kuwa walisema walichokiamini. Lakini maelezo ya mmoja yanalingana na mabati yaliyo msituni, na ya mwingine hayalingani.

Barber akapeleka ombi bodi ya jeshi ya kurekebisha rekodi mwaka 1991. Wajumbe wakagawanyika. Mwaka 1993 Waziri wa Jeshi la Anga, Donald Rice, akaamua rekodi ibaki nusu kwa nusu, akisema kwa mtazamo wake watu watabishana milele na kwamba sifa inawatosha wote walioshiriki. Barber akaenda mahakamani. Mwaka 1996 Mahakama ya Rufaa ya Mzunguko wa Tisa ikamkatalia, kwa hoja ambayo kisheria siwezi kuilaumu: majaji hawakuwa wakiamua nani alimpiga Yamamoto, walikuwa wakiangalia tu kama waziri ameamua kiholela, na hawakuona kwamba ameamua kiholela. Mwaka uliofuata chama cha marubani mashujaa wa Marekani, watu wa fani yenyewe, kikampa Barber sifa yote peke yake. Lakini chama si serikali.

Nimekuwa nikifikiri sana kuhusu nusu hiyo. Ukiisoma haraka inaonekana ya busara, ya kizee, mgawie huyu mgawie yule waende nyumbani. Na inawezekana kabisa kwamba Barber aliichoma kwanza na Lanphier akaipiga tena ikiwa tayari inaanguka. Lakini angalia nani ametoa ushahidi huo. Lanphier hakusema kwamba aliikuta Betty inawaka. Barber hakusema kwamba kuna mwenzake aliyemsaidia kule msituni. Kila mmoja aliapa kwa hadithi ambayo haina nafasi ya mwenzake ndani yake. Kwa hiyo nusu kwa nusu ni simulizi la tatu, na simulizi hilo halina shahidi hata mmoja. Limebuniwa mezani, miongo kadhaa baadaye, na watu waliotaka faili lifungwe. Bandarini tunafanya hivyo kila mwezi. Kampuni mbili za bima zikichoka, hugawana hasara, kila moja inalipa nusu, na hakuna anayejidanganya kwamba kwa kufanya hivyo tumegundua nani alilidondosha kontena. Jeshi la Anga liligawana hasara kisha likaiita historia.

Kuna wanaoniambia, katika mabishano yetu ya jioni barazani, kwamba haya yote ni upuuzi, mtu alikufa na kazi ikaisha, ya nini kuulizana ni risasi ya nani. Jirani yangu mmoja, mwalimu mstaafu, hunikatiza kila mara: "Bwana, wewe unamsikitikia aliyenyimwa nusu ya mauaji." Ana hoja, na sina la kumjibu likamridhisha. Ila mimi simfuatilii Barber kwa ajili ya mauaji. Namfuatilia kwa sababu ya karatasi. Kama ripoti ya siku ya kwanza kuhusu tukio lililotazamwa na marubani zaidi ya kumi inaweza kuhesabu ndege tatu mahali palipokuwa na mbili, na ikachukua nusu karne kuirekebisha nusu tu, basi nataka kujua karatasi ile iliandikwaje, nani alikuwepo chumbani, na nani alikuwa bado uwanjani anahesabiwa matundu ya risasi.

Kwa faida ya mwalimu, hivi ndivyo ningelijaza jedwali kama faili lingekuwa langu. Ndege 323, msituni: Barber. Ndege 326, baharini: Holmes na Barber kwa pamoja, na jina la Hine liandikwe kando kwa sababu alikuwa kwenye msako ule na hakupata nafasi ya kusema. Zero: hakuna. Lanphier: kuzikabili Zero peke yake katika dakika ya kwanza, jambo ambalo bila hilo huenda Barber asingefika nyuma ya mtu yeyote. Mitchell: njia nzima, kwenda na kurudi.

Rekodi rasmi ya Jeshi la Anga haijabadilika. Oregon waliupa jina la Barber daraja refu la barabara kuu linalovuka korongo la mto Crooked, maili chache kutoka alikozaliwa. Alifariki mwaka 2001, na kwenye vitabu vya jeshi ana nusu ileile.